Wakorea Wenyewe Hawaijui

Jumatatu, 4 Agosti

Simu tatu leo. Mbili za kioo, moja imeanguka ziwani na mwenyewe anaapa haijaguswa na maji. Nimeifungua nikakuta ndagala, dagaa wa ziwa letu, mmoja mdogo ndani, amelala kwenye betri. Nimeikausha, nimempa.

Saa kumi nimefunga kibanda, nimekwenda ukumbini kwa mazoezi ya kikundi kama kila siku. Nikamkuta Direkta wa sentri ya vijana ameinama na futi mkononi, anapima sakafu yetu. Miaka saba tunaisugua sakafu hiyo kwa magoti. Anasema mwisho wa mwezi zinakuja cherehani kumi na mbili. Kushona kunampa kijana mkate. Kuzunguka kwa kichwa kunampa nini?

Damu ikanipanda. Nikamwambia hii ni dansi, inaitwa breki, dunia nzima inaijua, na mabingwa ni Wakorea. Nikaongeza kwamba kwao hakuna asiyeijua, mpaka bibi kizee. Huyo bibi kizee nilimtoa wapi, sijui.

Direkta akatabasamu. "Ah bon? Wakorea watatu wa mradi wa maji wanakuja kutembelea sentri, siku ya ine. Watatuambia wenyewe. Kama iko kitu ya maana kwao, minawaachia chumba. Kama haiko, unanipa ufunguo."

Alhamisi hiyo. Mdomo umeponza kichwa. Nimerudi nyumbani, Mama kanipakulia, nimekula matonge mawili nikainuka.

Jumanne, 5 Agosti

Siwezi kukaa. Nimefungua simu ya mteja, nikaifunga bila kuitengeneza, nikaifungua tena.

Ukweli niuandike hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka. Sijawahi kumwona Mkorea hata mmoja kwa macho. Ninachokijua nilikipata kwenye kadi ya memori ya dereva wa lori, aliyeniachia simu nimtolee picha za harusi. Mlikuwa na video kumi na moja ndani. Vijana wa Seoul, Korea, ndivyo faili zilivyoandikwa, kwenye uwanja wa saruji, wanasimama kwa mkono mmoja, wanazunguka kwa mgongo, wanakwama ghafla hewani na miguu juu kama waliosahau kuanguka. Sauti haikuwemo. Niliziangalia zote kumi na moja nimesimama, mteja ananisubiri nje. Nilizinakili. Picha za harusi pia nilizitoa. Tangu siku hiyo sijatulia.

Kinachoniudhi ni wageni. Kila anayeshuka kwenye gari hapa Rumonge, awe mzungu, awe mtu wa Bujumbura, swali lake ni moja: wapiga ngoma maarufu wa Burundi wako wapi? Tukianza kucheza anauliza kama tumewaiga Wamarekani. Nikisema Wakorea, ananitazama kama nimesema watu wa mwezini. Mwaka jana Mfaransa mmoja aliniambia alikaa Seoul wiki mbili na kitu kama hicho hakukiona. Wiki mbili! Alikuwa anaangalia nini?

Alhamisi watakuja wenyewe. Watasema. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi saa tatu mfululizo. Goti la kushoto limevimba. Nina miaka thelathini na miwili na goti la babu.

Divine peke yake hakuchoka. Ana miaka kumi na tisa, wazazi wake walivuka kutoka Kivu ya Kusini, anauza ndagala sokoni na mama yake. Ni mkali kuliko sisi wanaume wote. Alipoanza, siku ukumbi ulipokuwa na mkutano nilimfundishia ufukweni. Watu wakajaa. Wakamwimbia nyimbo za matusi kwa sababu msichana kaweka miguu juu, na mmoja akamtupia mchanga machoni. Ukumbi una mlango na mlango una kufuli. Hilo Direkta halipimi kwa futi.

Kumfundisha kulikuwa kazi. Kwenye zile video hakuna majina ya hatua, na mimi siyajui. Siku moja nikamwambia: zungusha mguu kama unavyogeuza ndagala mchangani, mkono mmoja chini, mwili uufuate mguu. Akaipata palepale. Toka hapo kila hatua tumeipa jina la ziwani. Kugeuza. Kuanika. Kuvuta Wavu. Mtumbwi Umepinduka. Ndiyo majina tunayoyajua, hatuna mengine.

Nimepiga pasi fulana zote tisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeaibika. Naandika nikiwa bado na fulana.

Walifika saa nne: mzee mwenye kofia, mama wa makamo, na kijana wa kama miaka ishirini na tano. Pamoja nao mkalimani wa Kifaransa. Tukacheza. Sijawahi kuona kikundi changu kikicheza vile. Divine alikwama kichwani mpaka nikahesabu kumi na moja. Wageni walipiga makofi, walipiga picha, mama yule alishika mdomo.

Direkta akamgeukia mkalimani. "Waulize kama wanaijua."

Mzee akafikiri. Akatikisa kichwa. Mama akauliza kama tunamaanisha zile nyimbo za vijana wa kwao, maana hizo anazijua, binti yake ana picha zao ukutani. Kijana akasema kucheza wanacheza, lakini wima, kwa mistari. Hii ya kichwa chini yeye hajawahi kusimama kuitazama. Aliona haya kusema hivyo. Nilimwona.

Nikatoa simu. Mimi, mtu wa Rumonge nisiyewahi kuvuka Bujumbura, nawaonyesha Wakorea Korea. Mzee akavaa miwani, akatazama video ya tatu, akaanza kuongea harakaharaka. Mkalimani akacheka. "Anasema ule uwanja anaujua. Amepita hapo miaka mingi akienda kazini. Anauliza, kumbe huwa wanacheza pale?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha mama akataka majina ya hatua. Divine, hajui aibu huyu, akamtajia moja moja huku anaonyesha. Kugeuza ndagala ni hivi. Kuvuta wavu ni hivi. Mama aliandika kila kitu kwenye daftari. Nikaona Direkta naye anaandika.

Walipoondoka nikatoa ufunguo mfukoni nikauweka mezani kwake. Ahadi ni deni.

"Ngoja kwanza," akasema.

Ijumaa, 8 Agosti

Hasira. Sijui nimkasirikie nani. Wale wageni hawana kosa, kwani mimi nawajua wapiga zeze wa Ruyigi, nchini mwangu mwenyewe? Lakini nimekasirika.

Msikitini sikusikia neno la hotuba. Nilikuwa najiuliza mtu anapitaje mahali miaka yote hiyo bila kugeuza shingo.

Mama kaniambia nioe.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetembea mpaka bandarini, nimerudi. Nimetembea tena. Kituo cha mafuta kina foleni ya magari tangu juzi na petroli haijaja, madereva wamelala kwenye viti na milango wazi. Nikawaonea wivu. Wao angalau wanajua wanachosubiri.

Hakuna mazoezi. Sina uso wa kuwaambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Direkta kaniita ofisini. Kaninunulia Fanta. Nikajua kuna jambo.

"Fundi Issa, umeniletea dhahabu na hujui. Wakorea wenyewe hawaijui! Basi haiko ya kwao. Majina yote iko ya ziwa, iko ya ndagala, iko ya wavu. Hii iko ngoma ya wavuvi ya hapa, ya zamani."

Nikamwambia niliitoa kwenye kadi ya memori.

"Kadi, bon. Lakini mababu walivuta wavu mbele ya kadi kuzaliwa."

Nilicheka. Hakucheka. Alinisukumia karatasi ya Kifaransa, tayari ina muhuri. Inasema kikundi cha Mukeke, ndio sisi, kinahifadhi ngoma ya jadi ya wavuvi wa Rumonge iliyorithiwa kwa wazee. Kila Jumamosi tutawachezea wageni. Ukumbi ni wetu miaka mitano. Cherehani zitawekwa stoo ya nyuma, ina dirisha kubwa, hata mwanga ni mzuri zaidi. Mahali pa saini pana jina langu, na chini yake: mlezi wa jadi.

Nimeomba siku mbili.

Ubaya ni kwamba huyu mtu si mwongo. Ameamini kabisa. Na aliyempa ushahidi ni mimi niliyebuni majina, na ndagala zangu na nyavu zangu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimewasomea wote karatasi. Selemani, aliyeanza na mimi tangu mwanzo, kasema tukatae, uongo ukisainiwa unakuwa na mguu. Wengine wakaangalia chini. Sakafu waliitazama kwa muda mrefu.

Divine akasimama.

"Kaka Issa, weye unataka wageni wajue Wakorea. Miye nataka mahali pa kuweka kichwa chini bila kutupiwa mchanga. Hao Wakorea walikuja hapa na hata yao hawakuijua. Utawalilia mpaka lini?"

Nikasema ni kama kuiba. Akasema kuiba ni kuchukua kitu mtu akakikosa. Je, wale wa Seoul watakosa nini?

Nimelifikiria hilo siku nzima, na bado sijaona lilipopinda. Lakini limepinda.

Jumatano, 13 Agosti

Nimesaini.

Nilidhani nitajisikia vibaya. Nimejisikia njaa. Nimekula ugali na samaki wawili wa kuchoma, mukeke, Mama kafurahi.

Jumamosi, 16 Agosti

Direkta kaleta mavazi. Kitenge cha kujifunga kiunoni na kipande cha wavu begani. Nikamwambia mtu hawezi kuzunguka kwa mgongo na wavu. Akasema mababu waliweza.

Anaandika historia. Amefika karne ambayo hata kitenge hakijafika hapa.

Jumatano, 20 Agosti

Mazoezi na nyavu. Mguu wa Selemani umenasa mara nne. Hasemi na mimi. Anafanya kila ninachomwambia, na hasemi.

Kichwani nina nzi. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutoka. Nimejaribu kutazama zile video kidogo nipoe. Nimeishia ya pili, nikazima.

Jumamosi, 23 Agosti

Onyesho la kwanza. Wageni thelathini hivi, wengi wa Bujumbura waliokuja ufukweni, Wabelgiji wanne, familia moja ya kutoka Goma. Direkta alisimama mbele akasema wavuvi wa kale walicheza hivi wakiomba samaki. Mzee mmoja wa hapa hapa mtaani, mvuvi maisha yake yote, alikuwa amekaa mbele. Nilimwangalia. Alikuwa anaitikia kwa kichwa! Baadaye akanishika mkono akaniambia, "Babu yangu alikuwa anacheza vizuri kuliko nyinyi."

Selemani kanaswa na wavu, kaanguka ubavu. Watu wakapiga makofi sana.

Leo hakuna aliyeuliza wapiga ngoma wako wapi. Hakuna aliyeuliza kuhusu Wamarekani. Miaka saba nimetaka wageni watutazame hivi. Wametutazama. Nimekwenda nyuma ya stoo nikakaa peke yangu mpaka jasho likakauka, na nilichokisikia moyoni kilikuwa aibu tupu.

Jumanne, 26 Agosti

Mama mmoja wa Nyanza-Lac kaleta simu, kanitambua. "Iko weye wa ngoma ya wavuvi? Murakoze, asante sana, ndugu yangu. Sisi tulikaa Tanzania miaka mingi mu kambi ya wakimbizi, tukafikiri vya kwetu vyote vimekwisha." Macho yake yalilowa.

Sikumlipisha. Sikumwambia.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika polepole nisikosee.

Ukumbi ulijaa. Direkta alikuwa na wageni wake wakubwa wa Bujumbura, suti, miwani. Tumecheza vizuri, nyavu tumeshazizoea. Mwishoni Divine kafanya Mtumbwi Umepinduka: anajitupa, anazunguka kwa bega, anakwama kwa mkono mmoja, miguu imekunjwa hewani. Ile ni ya video ya tisa. Niliikata vipande vipande miezi minne mpaka nikaielewa. Mtu yeyote aliyemwona yule kijana wa Seoul akiifanya hawezi kuisahau.

Makofi yalipoisha mwanamke mmoja akaja mbele. Miaka arobaini hivi, mtandio mwepesi, sauti ya pwani. Akasema ni mtu wa Mombasa, anapita tu kuelekea Bujumbura.

"Samahani kaka. Hii si breki ya Wakorea? Nilisoma Seoul miaka minne. Hiyo ya mwisho nimeitazama kila Jumamosi, uwanja ulikuwa chini ya dirisha langu. Na yule aliyekuwa akiifanya, hata anavyokunja goti la ndani, ni vile vile!"

Goti la ndani. Hakuna mtu aliyewahi kuliona goti la ndani. Selemani mwenyewe nilimwonyesha mara kumi ndipo akaliona.

Alikuwa anaongea Kiswahili, kila mtu alielewa. Direkta alikuwa hatua moja kutoka kwangu na meno yote nje. Suti zimegeuka. Selemani, ambaye wiki mbili hanitazami, alinitazama. Divine alikuwa bado ameshika chini kwa mikono miwili, hainuki.

Nilikuwa na maswali mia. Saruji ile ni laini au ina mchanga? Wanacheza na muziki gani? Yule kijana bado anacheza? Anaitwa nani?

Nikasema, "Hapana dada. Hii ni ngoma ya hapa. Ya wazee wetu."

Uso wake ulishuka. Akaweka mkono kifuani. "Basi nimefananisha. Niwie radhi kaka, sikukusudia kuwavunjia heshima wazee wenu." Kaniomba radhi. Yeye, mimi.

Na akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hata kulekule, wageni hawaijui. Wanakuja kwa nyimbo na vipodozi, wanawapita wale vijana uwanjani bila kusimama. Nilikuwa nawaonea huruma. Nikadhani leo nimekutana na mtu anayewajua."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Direkta akaniwekea mkono begani, akawaita watu wapige picha.

Jumapili, 31 Agosti

Nimeamka alfajiri, nimeswali, nimekwenda kumtafuta yule mwanamke wa Mombasa kwenye nyumba ya wageni karibu na ufuko. Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia ni ya video ya tisa. Nitamwambia miezi minne.

Dada wa mapokezi alikuwa anakunja mashuka. Akasema yule mama wa Mombasa kaondoka na gari la kwanza, maana jana petroli ilipatikana. Akaniuliza jina lake ni nani, aangalie kwenye daftari kama kaacha namba.

Sikujua. Sikumuuliza jina.

Nimekaa kidogo kwenye ngazi. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo ziwani, maji yametulia, milima ya Kongo inaonekana yote. Kisha nikaenda kibandani, nikatengeneza simu mbili. Saa kumi nimefungua ukumbi. Wamekuja wote, na Selemani pia. Nimefagia, tumejipanga mstari na nyavu begani, tumeanza.